Pua ya Mama na Makopo ya Chai

Nyumba ya kona, nyuma ya gereji,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umetulia, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za ghala lenu la chai. Mkaza mjomba hajambo? Kifua chake kimepona? Mwambie baridi ya huko asiichezee, avae soksi hata kama anaona zinamzeesha. Sisi huku ni wazima. Mume wangu anapanda nguzo zake za umeme na kushuka salama, watoto wanakula kuliko wanavyosoma, na cherehani yangu bado inaunguruma.

Hali ya dada yako nitakueleza kwa utaratibu. Usirukie mwisho wa barua, nakujua.

Sanduku lako lilifika. Lilikuwa limebonyea pembeni kana kwamba kuna mtu alilikalia safari nzima, lakini makopo yote ya chai yalikuwa mazima. Ahsante sana, Mjomba. Niliyafungua palepale chumba cha mbele, katikati ya vitambaa vya wateja, bila kufikiri. Harufu ya lile kopo la majani yaliyochanganywa na maua ya yasmini ikaingia kwenye kila kitu. Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua gauni lake, akalinusa, akaniuliza natumia sabuni gani. Nikamwambia hiyo ni siri ya kazi.

Kila aliyepita mlangoni siku ile alinusa na kusifu. Mama akapita katikati ya makopo yaliyo wazi, akaniuliza kwa nini nimejaza takataka njiani. Basi, hakusikia harufu hata kidogo. Nikajifanya naokota sindano chini ya meza ili asinione uso.

Nilikuandikia kwamba ile homa ya mwanzo wa mwaka iliondoka na pua yake, lakini sikukueleza yote. Unajua mwenyewe, Mama, au Mama Birika kama wanavyomwita gerejini, hakuwahi kuonja chai aliyowapikia mafundi wa gereji miaka yote ile. Aliinamia mvuke tu, akajua kama tangawizi imetosha, kama maziwa yanataka kuharibika, kama aiepue sasa hivi au aipe muda kidogo. Alipopata nafuu alirudi kazini vilevile, bila kumwambia mtu kwamba hasikii harufu yoyote. Chai ikaungua. Siku nyingine maziwa yalikuwa yamechacha. Mafundi wakanywa kimya, kwa kumpenda na kwa kumwogopa, mpaka siku alipomkuta Bosi Spana, mkuu wao, anamwaga kikombe chake taratibu nyuma ya pipa la oili. Mama hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha niliposimuliwa. Alikusanya vikombe vyake, akarudi nyumbani, akavua aproni.

Tangu hapo aliacha chai, na chakula nacho kikafuata. Alisema kila kitu kwake ni moto au baridi, hakuna cha ziada, sasa ajisumbue kutafuna ili iweje? Magauni yake nimeyapunguza kiuno mpaka nikachoka. Watu walikuwa wakiniambia amependeza, amekuwa mwembamba, lakini mimi ndiye ninayeshika tepu, hakuna wa kunidanganya. Mama alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu. Halafu siku moja akanikabidhi lile birika lake kubwa, akaniambia nimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikaitika, sawa Mama, nikaenda kulificha chini kabisa kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa.

Sasa nije kwako. Katika barua uliyoiweka sandukuni ulisema makopo haya umeyatuma kuniridhisha tu, kwamba nimwache dada yako apumzike, umri ni umri, na kwamba mimi ni mtu asiyeambilika. Kaka mkubwa naye alikuja hapa na wimbo huohuo, akaketi, akanywa chai yangu, akanishauri. Mjomba, nakuheshimu sana, lakini katika hili nilikataa. Daktari wa pua alituambia kwamba pua inaweza kuamka ikichokozwa kila siku kwa harufu mbalimbali. Hakuahidi, lakini hakusema haiwezekani. Kama kazi yenyewe ni kuchokoza, basi katika ukoo huu nani ananiweza?

Nilianza na yale majani ya kijani. Nikayapika jinsi tunavyopika chai ya nyumba hii tangu tuzaliwe: maji, maziwa, sukari, tangawizi, sufuria ipande, ishuke, ipande tena. Mungu wangu! Ikatoka rangi ya ukuta wa ofisi ya serikali, chungu kama dawa ya minyoo. Mume wangu, ambaye hata ukoko ulioungua anaula na kushukuru, alimeza funda moja, akakumbuka ghafla kuna waya umelegea kwa jirani. Mama akanywa nusu kikombe bila kukunja uso. Nikamuuliza vipi, akasema moto.

Nikakaa chini nikafikiri kama fundi. Hariri huipigi pasi ya jinzi. Kwa nini kila jani nilitie kwenye sufuria moja na moto mmoja? Kesho yake nikachemsha maji peke yake, nikayaacha yapumue kidogo, nikayamwaga juu ya yale majani ya kijani bila maziwa wala sukari, nikafunika. Mjomba, hukuniambia! Ilikuwa na harufu ya nyasi zilizofyekwa asubuhi, na baada ya kumeza utamu ukabaki kooni wakati sukari sijatia hata chembe. Nikanywa kikombe cha pili nikiwa nimesimama, mteja ananingoja na kola yake.

Kuanzia hapo nilinogewa, sitakuficha. Yale machipukizi yenye vinyweleo vyeupe kama kifaranga niliyaona ya kizembe mwanzoni, maji yake hata rangi hayana, lakini ukituliza akili yana kitu kama asali iliyokaa mbali. Yale yaliyojikunja kama punje za pilipili manga ukiyamwagia maji yanajinyoosha mpaka unaona jani zima na kikonyo chake. Watoto waligombea kuyaangalia wakachelewa shule. Lile lililogandamizwa kama mche wa sabuni ilibidi nilimegue kwa bisibisi. Lilinuka stoo wakati mvua inaanza, na mume wangu ndilo alilolipenda kuliko yote. Sasa anajiona mjuzi, anasonya akipewa chai ya maziwa kwa watu. Nimemwonya ataniaibisha.

Lakini haya yote nilikuwa nayafurahia mwenyewe, na si kwa ajili hiyo niliyafungua makopo. Kila asubuhi nilimketisha Mama dirishani, nikamwekea kikombe chini ya pua, nikamwambia avute. Alivuta kwa kunionea huruma. Moto, alisema. Kesho yake, moto. Siku ya yasmini, ile iliyomchanganya hata bibi harusi, nilikuwa na matumaini makubwa. Akavuta, akakiangalia kikombe kwa muda, akasema, "Moto. Halafu kikombe chako kina ufa."

Baada ya hapo alinishika mkono, akaniambia nisijichoshe, ameshazoea. Nikamwambia yeye amezoea, mimi sijazoea, na kesho asubuhi aketi dirishani kama kawaida. Akacheka kidogo. Akaketi.

Makopo yakaisha kujaribiwa, likabaki moja. Lile jeusi, Mjomba, lisilo na maandishi. Nilikuwa nimelifungua siku ya kwanza nikalifunga harakaharaka, maana lilinuka moshi kama sweta la mtu aliyekesha msibani akichochea kuni. Mume wangu alidhani ghala lenu limeungua na ninyi mmetutumia mabaki. Nami nikakuwazia vibaya, nisamehe. Sikujua kwamba kuna watu wanaikausha chai kwenye moshi wa kuni kwa kupenda kwao wenyewe. Nililiweka juu ya kabati na sikuwa na haja nalo.

Alhamisi asubuhi ndipo zamu yake ilipofika. Mama alikuwa chumba cha mbele anafumua pindo la sketi, mimi niko jikoni. Maji yalishachemka, jiko nimelizima, sufuria zote ni safi, zimefunikwa. Nikamwaga maji juu ya yale majani meusi, nikageuka kuchukua kijiko.

"We! Unaunguza nini huko?"

Nikasimama kama mtu aliyeitwa na polisi. Nikajibu hakuna kinachoungua, Mama.

"Usiniambie hakuna, nasikia moshi mpaka huku! Unataka kutuchomea nyumba na nguo za watu?"

Akaja, Mjomba. Akaja na mkasi mkononi na pini mdomoni, akafunua sufuria moja baada ya nyingine, akainama kwenye jiko, akagusa plagi, anagomba mfululizo. Nilichukua tu kile kikombe nikakileta chini ya pua yake. Akanyamaza katikati ya sentensi. Akazitoa pini mdomoni, akaziweka mezani polepole, akavuta. Akavuta tena, akiwa amefumba macho.

"Kuni," akasema. "Kuni mbichi."

Akakaa kwenye kigoda, akanywa kikombe chote. Nililia bila aibu. Aliponiona akaniambia nisogee huko, nisimtilie machozi kwenye chai. Kisha akaangalia masalia chini ya kikombe, akauliza ni nani aliyeipika, maana haina nguvu. Halafu akaniuliza birika lake nimempa mnunuzi gani wa vyuma, na nimkimbilie sasa hivi kabla hajafika mbali. Nikaenda kwenye kikapu, nikachimbua vitambaa, nikamtolea. Aliniangalia mimi, akaliangalia birika. Akaanza kulisugua.

Sitakudanganya kwamba pua imerudi yote. Yasmini bado haisikii, na tangawizi anasema anaisikia kwa mbali kama mtu anayeongea nyumba ya tatu. Lakini jioni ile aliomba mkate wa kulia ile chai ya moshi, akaumaliza. Ijumaa akala viazi, akalalamika chumvi imezidi. Mjomba, nimelalamikiwa mapishi maisha yangu yote, lakini siku ile nilitamani kumbusu.

Na Jumamosi, yaani jana, hakuuliza ruhusa ya mtu. Nilimwona anafunga aproni, anabeba birika, anavuka kwenda gereji. Nikamfuata kwa nyuma nikijisingizia nampelekea vikombe. Mafundi walipomwona walitupa spana chini, wakapiga makofi, wakamtafutia kiti kilicho safi, jambo ambalo mahali pale si dogo. Akawamiminia wote. Wakapiga funda la kwanza.

Hapo, Mjomba, ungekuwepo! Ile chai inanuka moshi kama jiko la kuni, nao wameshaona yaliyotokea mara ya mwisho. Wakatazamana kwa pembe za macho. Bosi Spana jasho likamtoka. Akapiga la pili, akameza kwa nguvu, akasema chai nzuri sana Mama, na wengine wote wakaitikia, nzuri, nzuri sana, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kusogelea pipa la oili. Walikuwa tayari kuinywa hivyohivyo mpaka tone la mwisho.

Mama akawatazama mmoja mmoja. Akainamia mvuke wa birika lake, akavuta kwa kutulia kama zamani, akainua kichwa.

"Kunyweni bila hofu, wanangu," akasema. "Safari hii nimeiunguza makusudi."

Kucheka kulikotokea pale, nadhani hata ninyi mlikusikia huko.

Kwa hiyo sikiliza. Kopo jeusi linaelekea kwisha, maana sasa lina wateja. Tuma jingine, na kubwa, na kama kwenye ghala lenu kuna chai nyingine yoyote inayonuka kitu cha ajabu, iwe lami, iwe ngozi, iwe kiatu cha askari, itie sandukuni usiulize. Makopo mengine bado yapo mezani, na kila asubuhi anavuta mvuke wa mawili kabla hajatoka. Yasmini nitaifikia. Nimeshasema, na wewe unajua nikisema.

Nisalimie sana mkaza mjomba na mabinamu zangu wote, hata yule asiyejibu salamu. Mume wangu anakusalimu na anauliza kama ile chai ya mche wa sabuni inapatikana kwa mche mzima. Kaka mkubwa anakusalimu, na sasa anasema yeye tangu mwanzo alijua itafaa. Mwache. Dada yako anakusalimu kuliko wote. Amesema wewe tangu utoto ulikuwa unarudi nyumbani unanuka moshi, na alipovuta kile kikombe mtu wa kwanza kumjia akilini alikuwa ni wewe.

Mungu akulinde wewe na goti lako, akupe usingizi mzuri na riziki isiyo na masumbuko, na siku moja atulaze sote chini ya paa moja, birika likiwa motoni.

Wako akupendaye,
Mpwa wako asiyeambilika.