Marehemu Aliyefungua Mlango

Jumamosi, tarehe 17 Mei. Mabawa, Tanga.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na imekatika sasa hivi. Mama ameniazima simu mpaka saa kumi na mbili jioni. Nimejiapiza kwamba leo nitasema kila kitu, hata yale yatakayowafanya ninyi mnaosoma blogu hii mniwazie vibaya, kwa sababu nikianza kuchagua nitachagua yanayonipendeza mimi tu.

Basi nianze na lenyewe. Nina wivu.

Si wivu wa viatu wala wa nywele. Hao wenye viatu wavae. Wivu wangu ni wa sentensi. Namwonea wivu Riziki, ambaye tuko naye kidato cha tatu, dawati moja. Na kabla yake nilimwonea Bi Saada.

Bi Saada ni mwandishi wa simulizi. Kwao ni Pemba, lakini anaishi Makorora miaka mingi. Kila siku saa kumi jioni hutuma sehemu mpya kwenye makundi yake ya simu, na kuna wanawake huku Tanga ambao hawapiki chakula cha usiku kabla hawajaisoma. Mama yangu ni mmoja wao. Bi Saada huandika simulizi tatu kwa wakati mmoja, leo hii, kesho ile, kwa zamu. Ukimuuliza ameshamaliza ngapi katika maisha yake, anasema aliacha kuhesabu alipoanza kusahau majina ya mabwana harusi.

Nataka niwaeleze anavyofanya kazi, maana nimemtazama mwaka mzima kama mtu anayetaka kuiba.

Akishasali alfajiri, hupika uji, halafu hukaa kwenye mkeka ukumbini, miguu ameinyoosha, simu mkono mmoja. Kila simulizi ina kanga yake. Akijifunga ya njano, anaandika ya Zulfa na mama mkwe wake. Ya bluu ni ya mapacha, ya zambarau ni ya mjane. Akibadili simulizi, anainuka anabadili kanga. Anasema asipofanya hivyo, watu wa huku wanahamia kule. Saa nne anaiweka simu na kuanza kukuna nazi, na hapo ndipo maneno ya wahusika humtoka kwa sauti, mume na mke, wote yeye. Jirani mmoja aliyehamia mwaka jana alikuja kugonga mlango kusuluhisha ugomvi. Alikuta mtu mmoja na nazi.

Matajiri wa simulizi zake wote wanaishi Raskazone, mtaa wa wenye nazo. Mara moja kwa mwezi huchukua bajaji akaenda kuyatazama mageti ya zile nyumba za zamani, basi. Haingii popote. Akirudi ana geti jipya na balaa jipya nyuma yake.

Mimi nimeandika hadithi moja. Niliianza nikiwa kidato cha kwanza. Ina kurasa nne, na aya ya kwanza nimeifuta mara kumi na moja.

Nilifikaje kwake? Mama alikutana naye sokoni akamlalamikia kwamba shemeji mmoja wa simulizi ya wakati ule alikuwa na kovu shavu la kulia na sasa limehamia la kushoto. Bi Saada hakukasirika. Alisema kichwa chake kimejaa watu, nyumbani hapana wa kumkumbusha, akauliza kama Mama ana mtoto mwenye mwandiko mzuri. Mwandiko wangu ni mzuri. Hilo walimu wote wanakubali.

Tangu siku hiyo natunza daftari. Kila mhusika ana ukurasa wake: umri, kovu, jina la mama yake, mimba ni ya miezi mingapi. Mtu akifa, napiga mstari mwekundu juu ya jina na kuandika Marehemu, na namba ya sehemu aliyozikwa. Bi Saada huitikia kabisa, Mungu amrehemu, halafu anaendelea kumenya vitunguu. Hakuna sehemu inayotumwa kabla sijaipitia. Nimejaza madaftari matano na sijawahi kuandika hata sentensi moja ya simulizi. Nilikuwa nasubiri aniambie. Sikuomba, nilidhani ataona.

Mwezi wa Ramadhani akaja Riziki. Alikuja kuleta bakuli la futari kwa Bi Saada, akanikuta na daftari, akakaa. Wiki ya pili alikuwa anamwambia Bi Saada kwamba yule mjane hawezi kulia namna ile, mjane wa kweli hulia akiona kandambili za marehemu mlangoni. Bi Saada alimgeukia, akasema, "Huyu mtoto ana hadithi mdomoni."

Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, kalamu nyekundu mkononi.

Sasa yaliyotokea. Jumatatu Bi Saada alisafiri kwenda Pemba kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Sehemu za siku tatu alikwishaziandika. Ya Alhamisi, sehemu ya hamsini na saba ya Zulfa, hakuwahi. Alimwachia Riziki simu yake ya pili, akamweleza Zulfa anarudi nyumbani kwa mumewe baada ya mwaka, mengine ayaone mwenyewe. Kwangu alisema nipitie kwa daftari kabla haijatumwa, kama kawaida.

Kama kawaida. Nilitabasamu, nikaenda chooni nikalia.

Alhamisi baada ya shule tulikaa ukumbini kwa Bi Saada na sare zetu. Riziki aliandika bila kuinua kichwa, hata kanga ya njano hakuihitaji. Alipomaliza alinipa simu. Zulfa anabisha hodi. Mlango unafunguliwa na mama mkwe. Wanatazamana. Halafu yule mama, aliyemfukuza kwa matusi, anaupokea mkoba wake bila neno na kwenda kumchotea maji ya kunawa miguu. Basi. Hakuna kilio, hakuna msamaha wa maneno. Nilisoma mpaka mwisho, nikarudi mwanzo nikasoma tena.

Yule mama mkwe alikufa sehemu ya thelathini na moja.

Riziki hakujua, hakuwa amezisoma za zamani. Mimi nilijua kabla hata ya kufungua daftari, lakini nililifungua. Mstari mwekundu upo. Marehemu, mwandiko wangu mzuri. Nilikaa nikiutazama ule ukurasa muda wa mtu kunywa glasi ya maji. Sikusahau. Sikupitiwa. Nawaandikia hili ili nisije siku moja nikajidanganya.

Nikamwambia, "Iko sawa, tuma."

Kundi lililipuka kabla ya magharibi. Mama alikuwa ananisomea mwenyewe, anacheka mpaka anashika mbavu. Mmoja kauliza kama wamwandalie chai huyo marehemu au ameshiba huko alikotoka. Mwingine wa Pangani kasema sisi tulilia kwenye ule msiba, mwandishi turudishieni machozi yetu. Wengine hawakucheka. Walisema mwandishi amechoka, anatudharau, wakatoka kwenye kundi. Nilicheka pamoja na Mama. Nilicheka kweli, na nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa na ladha kama ya kumeza panadoli bila maji.

Bi Saada amerudi jana. Leo asubuhi alituita wote wawili. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kututazama. Alisema kazi ya miaka yake yote ni watu kumwamini saa kumi, na sasa wanamfanyia mzaha. Hakupandisha sauti. Halafu akamuuliza Riziki swali moja tu: kabla hujatuma, ulimwonyesha Naomi?

Naomi ni mimi. Nilikuwa nimeandaa la kusema, kwamba nilisoma haraka, kwamba kichwa kilikuwa kinaniuma.

Riziki akasema, "Sikumwonyesha, Bi. Nilikuwa na haraka."

Nilinyamaza.

Bi Saada alinyoosha mkono, Riziki akamrudishia simu ya pili. Akaambiwa apumzike, maana yake asije tena mpaka aitwe. Kisha Bi Saada akanigeukia na uso wake ukalainika. Alisema mimi ndiye niliyemtunzia watu wake mwaka mzima bila kumpoteza hata mmoja. Akasema, "Ya kesho utaandika wewe, mwanangu. Niambie huyo aliyefungua mlango ni nani."

Mwaka mzima nimelisubiri hilo neno. Lilikuja likanikuta namna hii.

Nje, mvua inanyesha, tulisimama chini ya bati. Nilimuuliza Riziki kwa nini amesema vile. Alidhani nilipitiwa tu. Hata haikumjia kwamba mtu anaweza kuona na kunyamaza. Alinijibu kwa upole, kama anazungumza na mdogo wake: "Angekunyang'anya daftari, Naomi. Mimi naandika popote. Wewe hilo daftari ndilo lako."

Hakuwa na nia ya kunitukana. Nimeigeuza ile sentensi tangu saa nne asubuhi na sijaona tusi ndani yake. Ndiyo maana inauma. Amenipa zawadi, na zawadi yenyewe inasema mimi si mwandishi.

Na niseme la mwisho, kwa kuwa niliapa. Hata wema wake nimeuonea wivu. Nimewaza, laiti mimi ningekuwa mtu wa kusema uongo ule.

Sasa hivi simu iko mkononi na sehemu ya hamsini na nane imeshaanza kuja. Nimeshajua aliyefungua mlango ni nani, ni mdogo wa yule marehemu, aliyefanana naye sana, aliyekuja kulea wajukuu. Nimeandika aya tatu na sijafuta hata moja. Haijawahi kunitokea. Nikimwambia Bi Saada ukweli kesho asubuhi, ataichukua hii sehemu kutoka kwangu, na Riziki atarudi kwenye mkeka, na pengine daftari nalo litaenda. Nikimwambia baada ya saa kumi, itakuwa imeshasomwa na jina langu litakuwa chini yake.

Bi Saada hasomi blogu. Anasema maandishi yasiyo na mtu wa kuolewa humchosha. Riziki naye hana habari na ukurasa huu. Kwa hiyo ni ninyi tu wachache mnaonisoma. Kesho ibada yetu inaisha saa tano, na kutoka kanisani mpaka Makorora ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nijibuni kabla ya hapo, na msinionee huruma: kumwambia nitamwambia, hilo nimeamua, lakini je, ni lazima iwe kabla ya saa kumi?