Nilikwenda Muleba Kulikagua Gari la Ladi

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Nshambya, Bukoba, sasa yamebaki manyunyu. Bado nimevaa ovaroli ya kazi, magotini imejaa udongo wa Muleba. Sijataka kuivua.

Wiki iliyopita Ma Leokadia alinipigia simu. Ni mama yake Ladislaus, ambaye sisi wa gereji tulimwita Ladi, aliyefariki miaka minne iliyopita. Alisema anataka kuliuza lile gari la mwanawe. Kibanda linamokaa kinaanguka, na yeye hana tena nguvu za kupanda kupigilia mabati.

"Lakini njoo ulinunue wewe, Koku," alisema. "Sitaki limwendee mtu nisiyemjua."

Nikajibu haraka kwamba nitakuja, kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

Gari lenyewe ni la spoti, jekundu, la milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba kila tuta la barabarani ni mtihani. Ladi alilinunua likiwa tayari limechoka. Tulikuwa mafundi wawili katika gereji moja hapa Bukoba, na kwa miaka miwili, kila Jumapili baada ya misa, tulikuwa chini ya gari hilo, yeye upande wake na mimi upande wangu. Watu walidhani sisi ni wachumba. Hatukuwa. Hilo nalo nitaliandika siku nyingine, nikiweza.

Leo asubuhi nilichukua pikapu, nikapita Kemondo, nikapita Muhutwe. Nilipofika, Ma Leokadia alikuwa ameshaondoa turubai. Gari lilikuwa linang'aa. Boneti ilikuwa safi kiasi kwamba niliiona sura yangu.

Nikafurahi. Kwa muda mfupi nilifurahi kweli.

Wapo wanaonisoma hapa ambao huniuliza waangalie nini kabla ya kununua gari la zamani lililotelekezwa. Huwa nawaambia wasianze na rangi, kwa sababu rangi ndiyo inayowauzia watu magari mabovu. Anza chini. Inua zulia, gonga sakafu, sikiliza. Bati zima hulia. Bati lililooza hunyamaza.

Niliinua zulia upande wa dereva. Lilikuwa zito, limelowa. Nikaweka bisibisi kwenye sakafu, nikasukuma kidogo tu, ikazama yote mpaka kwenye mpini. Nikaenda upande wa pili, ikawa vilevile. Nikalala chini nikatazama chasisi. Pale inapopita chini ya viti, nilibandua kutu kwa kidole.

Nikaendelea. Injini iliyolala miaka mingi haiwashwi kwa ufunguo kwanza, inazungushwa kwa mkono, ili ujue kama bado iko hai. Niliweka spana kubwa, nikavuta kwa uzito wangu wote. Haikusogea hata unywele. Nilipofungua kifuniko cha oili nilikuta uji mweupe, maana yake maji yameingia humo. Panya walikuwa wamekula nyaya. Hosi za breki zilipasuka nilipozikunja.

Kufikia hapo nilishajua. Fundi yeyote angefunga boneti. Mimi niliendelea. Nilipima upana wa nafasi za milango, nikatazama tairi zilitengenezwa lini, nikalinganisha namba ya chasisi na ya kwenye kadi, wakati ni mimi niliyekuwa na Ladi siku alipokabidhiwa kadi hiyo. Nilikuwa najificha. Maadamu nina spana mkononi, sikulazimika kumtazama mama yake usoni.

Ma Leokadia alikuwa amesimama karibu yangu na mwavuli, kwa kuwa mabati ya kibanda yalikuwa yamefunguka upande huo. Akaanza kusema polepole, nusu Kihaya nusu Kiswahili, kwamba kila Jumamosi amekuwa akiliosha. Nje na ndani. Alikuwa akimwaga maji ndani mpaka mazulia yatakate, kisha anafunga milango na kulifunika turubai ili kuku wasilichafue.

Kila Jumamosi. Miaka minne.

Alinisoma usoni. Sijui niliweka sura gani.

"Koku, ni maji yangu?"

"Hapana, Ma. Ni umri. Magari haya huoza yenyewe."

Nilimdanganya. Naandika hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kulisema. Ni maji yake. Maji, na turubai juu yake, na kibanda kisichopata jua.

Lakini siyo yeye mwenye kosa. Ladi akiwa amelazwa hospitalini Mwanza alinipigia simu. Sauti ilikuwa imeshakuwa nyembamba. Hakuniomba mengi. Alisema, "Koku, niangalizie gari." Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja: kuliinua juu ya mawe, kutoa betri, kukausha mazulia, kuacha vioo wazi kidogo. Kisha kwenda mara mojamoja kuizungusha injini. Na kumwambia mama yake, kwa upole, asimwage maji ndani.

Tulimzika. Sikurudi tena.

Si mbali. Nimepita Muhutwe kwa kazi za watu sijui mara ngapi, na kila mara niligeuza pikapu nikarudi mjini, nikijiambia wiki ijayo. Nilidhani nikilikwepa gari, nimelikwepa na kaburi.

Leo nilimwambia. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari, mikono imejaa kutu, nikamwambia Ma Leokadia kwamba Ladi aliniomba, na kwamba nilikubali, na kwamba sikuja.

Hakukasirika. Ningeona nafuu kama angekasirika.

"Najua," alisema. "Aliniambia utakuja. Ndiyo maana nililiosha. Nilitaka ulikute safi."

Nililia pale pale, na yeye akanifunika kwa mwavuli, mvua yote ikimpiga yeye.

Baadaye aliniingiza ndani, akaniwekea ndizi na maharage, akanisimamia mpaka nikamaliza. Alipoondoa sahani ndipo akauliza kama gari litatembea tena. Hapo sikudanganya. Nilimwambia hapana. Milango, taa, vioo na gia boksi vinaweza kumfaa mtu mwenye gari kama hilo. Mwili wake umekwisha.

Alikunja na kukunjua kona ya kitenge chake. Kisha akasema nilifungue mimi, kifaa kimoja kimoja, asije mgeni kulivunjavunja kwa nyundo kwenye kibanja chake. Na akasema atatoa kigoda, akae aone mpaka mwisho. Kumzika mwanawe walimharakisha, hakuona vizuri. Hili anataka kuliona.

Nimekubali. Nitakwenda Jumatano asubuhi, na safari hii sitageuza njiani.

Nimeshapanga spana kwenye sanduku, na nimeazima jeki ya pili. Kazi yenyewe naijua. Nitaanza na taa, kisha milango, kisha viti. Sakafu itakuwa ya mwisho. Nitakapoitoa ataona mwenyewe kwamba palipooza zaidi ni pale chini ya mazulia, yalipokuwa yanatuama maji. Ni mtu mwenye akili. Hatahitaji fundi wa kumweleza.

Atanitazama, na atauliza tena kama ni maji yake. Nitamjibu nini?