Rangi ya Mdomo Isiyo na Ngano

Jumamosi, 4 Mei

Leo nimeingia duka la vipodozi kwa mara ya kwanza maishani. Mimi, fundi bomba, na kucha zangu hizi! Mke wangu kanishika mkono kama anayempeleka mtoto kuchomwa sindano.

Daktari alishasema tumbo lake halipatani na gluteni, ile protini ya ngano. Mkate tumeuaga, biskuti tumeziaga. Lakini kila tukidhani amepona, ugonjwa unarudi. Wiki iliyopita daktari akauliza habari ya lipstiki. Cha kupaka shavuni hakina neno, alisema, ila cha mdomoni mtu hukilamba akakimeza. Basi ile nyekundu yake ya siku zote ikaenda pipani. Na meneja wa hoteli, asiyetaka kumwona mtu wa mapokezi na midomo mikavu, akamtoa kaunta siku ya pili yake, akampeleka chumba cha nyuma kukunja mashuka. Mashuka! Mwanamke anayeweza kumtuliza mgeni aliyekosa chumba mpaka akacheka!

Dukani ametoa lenzi mkobani, akasoma rafu nzima. Muuzaji akamwambia, dada, hii ni lipstiki, si mkate. Hakukasirika. Akamwonyesha neno moja kwenye kibandiko, Triticum, akasema hiyo ndiyo ngano yenyewe, imevaa suti tu. Binti wa watu kaomba lenzi asome mwenyewe. Mimi kichwa kimevimba utadhani neno nimelivumbua mimi.

Tumetoka mikono mitupu.

Jumanne, 7 Mei

Maduka tena. Miguu hoi. Muuzaji mmoja alikuwa anajibu "haina, haina" bila hata kutazama kopo. Nikamfokea. Mke wangu akanivuta shati: hasira hasara, mume wangu, huyu akinuna nani atatufungulia kabati?

Punde si punde yule yule aliyenuna alikuwa amekaa naye sakafuni, wanasoma vibandiko pamoja, makopo yametapakaa. Wakapata namba ya watengenezaji. Mke wangu akapiga mwenyewe. Kauliza mafuta yanatoka kwenye nini, kauliza mpaka mashine: mnasaga kitu gani kingine humo? Mimi bomba likivuja nauliza vivyo hivyo, maji yametoka wapi kwanza. Kumbe nimeoa fundi mwenzangu!

Na amepata! Nyekundu, iliyokoza, haina ngano wala ndugu wa ngano. Kapaka hapo hapo mbele ya kioo cha duka. Jamani! Nimemkodolea macho mpaka muuzaji akacheka.

Alhamisi, 9 Mei

Meneja kamwona na midomo yake. Jina lake limo kwenye orodha ya mafunzo! Wiki ijayo mafunzo mji wa pili, halafu Jumatatu ya tarehe 20 meneja anachagua mkuu wa mapokezi. Miaka yote hii anakitaka kiti kile.

Tumecheza jikoni bila muziki. Nimembusu mpaka akalalamika masharubu yanamchoma. Analalamika lakini anayapenda. Mimi ndiyo usiseme — kila asubuhi nayapaka mafuta ya kinyozi wangu, ncha zinasimama zenyewe. Mtu na fahari yake.

Ijumaa, 10 Mei

Anaumwa. Tumbo, kichwa, mikono inatetemeka.

Si chakula. Napika mimi, sufuria mpya, mwiko mpya. Nikasema basi ni hiyo lipstiki, itupe! Akaishika, akaisoma tena kwa lenzi huku amejikunja. Hapana, akasema, hii haina kosa, silaumu kitu kwa kuhisi tu. Mtu tumbo linamkata na bado anaitendea haki lipstiki! Ningekuwa mimi ningeshaivunja kwa nyundo.

Baadaye akauliza, na nikianguka pale kaunta mbele ya wageni? Nikajifanya natafuta blanketi.

Jumapili, 12 Mei

Ameondoka kwenda mafunzoni. Atalala kwa dada yake. Mgongo umepinda, midomo imekoza. Hakukubali nimbebee begi mpaka kituoni — eti lazima azoee kusimama. Ana moyo yule mwanamke!

Jumatano, 15 Mei

Amepiga simu. Mzima! Anakula, anacheka, anapaka lipstiki ile ile kila siku. Nimeruka kama mtoto.

Halafu shemeji akachukua simu. Huku kwangu hana hata kikohozi, akasema, huko kwako mnalishana nini? Anatania. Sijui kama anatania.

Nimekata simu nikakaa chini. Maana yake ni moja tu: mke wangu anapona akiwa mbali nami. Nimeosha kabati zote. Nimetupa dawa ya meno, nimetupa vijiko vya mbao. Nimelia pia. Humu hasomi mtu, acha niseme.

Ijumaa, 17 Mei

Kesho anarudi. Nimekwenda kwa kinyozi, angalau anikute nadhifu. Kachukua kile kikopo chake cha mafuta ya masharubu, anachanganya mwenyewe nyuma ya saluni. Siku hizi kila kitu nauliza kina nini, tabia ya mke wangu imenikaa. Nikauliza. Kinyozi akatazama kushoto, akatazama kulia, akaninong'oneza siri ya biashara: nta, mafuta ya nazi, na unga wa ngano kidogo. Huo unga ndio unaozisimamisha ncha.

Unga wa ngano.

Mungu wangu! Nimezunguka mji mzima nikifokea wauza lipstiki, na ngano naibeba mimi! Naipeleka mwenyewe mdomoni mwake kila asubuhi kwa busu la kumuaga! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe naipaka mafuta!

Nikamwambia nyoa. Yote. Kinyozi akazima mashine, akaniuliza kwa upole nani amefariki.

Jumamosi, 18 Mei

Amefika mchana. Nilikuwa nimepanga kueleza kwa utaratibu. Kanitazama tu, kaweka begi chini, kaziba mdomo kwa mkono. Nikaanza — kinyozi, unga — akasema subiri. Akapiga magoti, akafungua begi, akatoa kifurushi. Ndani wembe mpya na sabuni ya kunyolea.

Alishajua! Alipojiona mzima kule, akakaa akafuta kimoja kimoja: maji, chakula, lipstiki. Nikabaki mimi. Akawaza busu, akayawaza masharubu. Njia nzima kwenye basi alikuwa anapanga maneno ya kuniomba ninyoe bila kunivunja moyo. Nilijua unayapenda kuliko mimi, akasema, akacheka, halafu akalia. Na mimi nikaanza kulia.

Mwanamke wa namna gani huyu? Anaumwa yeye, anauhurumia moyo wangu! Nampenda mpaka kifua kinauma.

Sasa yuko chumbani mbele ya kioo, anapaka ile nyekundu. Amesema tupime kwa haki: lipstiki ile ile, chakula kile kile, mume bila masharubu. Akiamka mzima, keshokutwa yuko mbele ya meneja. Akiamka mgonjwa — sitaki kuandika.

Nimenawa uso. Nimenawa tena. Nimesugua mdomo wa juu kwa sabuni mpaka unawaka moto.

Ananiita. Anasema rangi imeshakauka, nangoja nini?

Nangoja niwe na hakika, mke wangu. Nasugua mara moja tu tena, halafu nakuja unibusu.