Mafua Niliyompelekea Kitindamimba

Chumba cha Wauguzaji, Ghorofa ya Tatu
Jumamosi, tarehe 9

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hujambo? Wifi yangu je, na watoto wanaendeleaje na shule? Sisi tunapumua, na neno hilo siku hizi silitumii ovyo.

Kitindamimba wetu yu hai. Nimetanguliza hilo maana nakujua, ungeruka mistari ukilitafuta.

Sasa keti. Daktari alitueleza kwamba zile dawa za saratani ya damu hazichagui. Zinafagia chembe mbovu pamoja na chembe nyeupe, askari wote wa mwili. Ndiyo maana nilishona barakoa arobaini, nikajifanya bawabu wa mlango wake. Hata mjomba nilimrudisha kwa chafya moja tu, mtu mzima na heshima zake, akaondoka amenuna.

Halafu mimi mwenyewe nikaamka na mafua. Nikameza vidonge, nikavaa barakoa mbili, nikajiambia nisipokwenda siku moja atadhani amezidiwa na tunamficha. Nikaingia. Nikamkanda miguu saa nzima, na mara mbili nikazishusha barakoa nipenge kamasi.

Siku ya tatu joto likapanda, akaanza kuhema. Nesi alimwingiza kijiti cha pamba puani, majibu yakaja: kirusi cha mafua, kile kile kinachonilaza mimi siku mbili tu, kimeshuka mpaka kwenye mapafu yake. Dawa ya kukiua hakuna, daktari akasema. Apewe oksijeni, tungoje mwili wake uzae askari wapya. Mdogo wangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Fundi wa maabara aliniona narandaranda ukumbini, akaniita nichungulie kwenye hadubini yake. Tone la damu ya mdogo wetu, limepakwa kwenye kioo. Akakisogeza huku na huku. Viduara vyekundu vitupu, askari hata mmoja hakuna. Siku kumi na moja nilikwenda kuchungulia, hadi akaanza kuniita daktari.

Siku ya kumi na mbili hakutania. Alinipisha kiti. Palikuwa na askari mmoja, wa zambarau kwa ile rangi ya maabara, mnene, katikati ya wekundu wote wale. Nilipiga kelele mpaka nesi akaja mbio. Hebu fikiria! Mwili uliopigwa hivyo, haujala, haujainuka kitandani, na kumbe ndani ya mifupa ulikuwa kazini bila kumwambia mtu. Miaka thelathini niko kwenye cherehani na sijaona kazi inayoifikia hiyo. Nilisimama pale mwili unanisisimka, nikasahau hata aibu yangu.

Alipotolewa oksijeni nilimweleza ukweli wote. Akaniambia:

“Dada, mbona nilijua? Pua ilikuwa imekuziba tangu unanisalimia. Lakini ningekufukuza, miguu angenikanda nani?”

Tulilia, tukacheka, tukalia tena. Sijui nani kati yetu ni mjinga zaidi.

Basi, umeniandikia kwamba unakuja wiki ijayo, na kwamba una kikohozi kidogo tu. Usije. Najua ulivyomkumbuka, lakini usije. Ngoja kiishe kabisa, kisha uongeze wiki mbili juu yake. Kama utanikasirikia, nikasirikie ukiwa huko huko.

Jumatatu wanaanza duru ya pili ya dawa, na askari wote niliowapigia kelele watafagiwa tena. Anajua. Mimi nilidhani atakataa. Leo asubuhi nesi alipopita kutafuta mshipa, mdogo wetu alikunja mkono wa gauni mwenyewe, akamwonyesha ulio mzuri.

Nisalimie sana wifi na watoto. Mama mdogo anakusalimu, na jirani yetu kinyozi pia. Mungu aifunike nyumba yako na kila pumzi iliyomo.

Akupendaye hata anapokuzuia njiani,
Dada yako