Sauti ya Mama Mkwe

Nairobi, 4 Februari 1966

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Lurambi? Goti lako je? Mimi mzima, ila roho haitulii. Idara yetu ya lugha na utamaduni ina kongamano mwezi wa Machi, na mwalimu anataka nilete nyimbo za pacha, zile zenye matusi mnazoimba kushangilia pacha wakizaliwa. Anasema wazee wakiondoka nazo zimekwisha. Jumamosi atakuja Sifuna, kijana wa mashine ya kunasa sauti. Mwimbie zote, Mama, usione haya. Yeye ni mtu wa kazi tu.

Binti yako,
Khalayi

Lurambi, 20 Februari 1966

Mwanangu Khalayi,

Salamu nyingi. Goti linauma mvua ikikaribia. Kijana wako alifika. Mimi nilisita, maana nyimbo hizo haziimbwi pasipo pacha, lakini shangazi yako Namalwa akaanza, nami nikashindwa kunyamaza. Tulitukana mpaka kuku wakatoka jikoni! Kijana akacheka hadi machozi, akala obusuma na ingokho, ugali na kuku wangu, akasema, "Mama, ongeza ile ya tumbo la baba mkwe." Sijafurahi hivyo tangu baba yako atuache. Mlete tena.

Mama yako

Nairobi, 11 Aprili 1966

Mama mpendwa,

U mzima? Kongamano lilijaa, watu wakapiga makofi, nami nimepewa kazi ya utafiti. Lakini sikia. Ili niandike maneno yako, nilikaa na Sifuna mwezi mzima tukirudisha kanda, tukisikiliza, tukicheka. Mama, tumependana. Anataka kuleta wazee. Na mkwe, ambaye hata uso wako hapaswi kuutazama, ameshasikia matusi yako yote! Tufanye nini?

Binti yako

Nairobi, 30 Mei 1966

Mama,

Hujambo? Kimya chako kinanichoma. Shangazi anasema unaenda sokoni kama kawaida, basi huumwi. Nimeomba kanda ifutwe, mwalimu amekataa. Ni mali ya idara. Nitukane, lakini nijibu. Ukisema hapana, nitamwacha.

Khalayi wako

Lurambi, 19 Juni 1966

Khalayi mwanangu,

Sisi wazima. Barua zako nilizipata zote. Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu nakumbuka nilivyoimba, natamani ardhi inimeze. Mjomba wako Mukhwana alitaka tukatae kabisa.

Juzi wazee wa Sifuna walikuja. Mimi nilijifungia jikoni nikasikiliza. Walileta kondoo wa kuondoa aibu, wakasema kijana ameomba ahamishiwe maktabani kuanzia Julai, asiguse tena kanda yenye sauti yangu. Najua hukujua, hakutaka uambiwe kabla sijajibu. Mtu anayeacha kazi aipendayo ili aniheshimu, nitamnyima mtoto wangu vipi? Nimekubali. Wewe jifunze kuendesha hiyo mashine.

Ila nimelia, Khalayi. Kuanzia sasa akija hapa nitapita nyuma ya nyumba. Sitamwona tena akicheka. Alipenda paja la kuku na mchuzi mwingi. Mpikie hivyo.

Mama yako,
Jescah