Boti Iliyoitwa kwa Anwani ya Zamani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Thuraiya Salem Fahd. Umri: miaka 28. Kazi: mtengenezaji wa programu za kompyuta. Dini: Muislamu. Makaazi: Gando, Wilaya ya Wete.

Sikuitwa hapa, nimekuja mwenyewe. Ngwali Bakar, nahodha wa boti ya wagonjwa ya Kojani, yumo ndani tangu jana akiambiwa aliitwa akakaidi. Hakuitwa, na ushahidi ninao.

Mwaka 2017 niliitengenezea jumuiya ya wakunga mfumo wa kuita boti kwa simu. Mkunga akibonyeza, seva, yaani kompyuta yetu kuu, hupokea jina la mgonjwa, kisha huirudishia simu kiungo, yaani anwani ya mtandao ya kuthibitishia safari. Simu huifuata yenyewe. Safari ikithibitishwa ndipo nahodha hupigiwa.

Mwezi uliopita tulihamia seva mpya, Wete. Lakini anwani iliyomo ndani ya kile kiungo niliwahi kuiandika kwa mkono, nzima nzima, badala ya kuiacha seva itaje yenyewe mahali ilipo. Kwa hiyo seva mpya ikawa inazituma simu kwenye mashine ya zamani, iliyo chumbani kwangu Gando. Niliiacha inawaka. Ni kama kumuelekeza mgeni nyumba uliyokwisha kuhama, na huko akafunguliwa mlango. Mashine ile ilithibitisha safari na kuijibu simu, lakini laini ya kumpigia nahodha ilikwisha kuhamishiwa Wete. Ingekuwa imezimwa, simu ingeonesha kosa na mkunga angempigia Ngwali mwenyewe.

Mnamo tarehe 14 Machi 2019, saa 9:10 alasiri, Bi Ummi Masoud, mkunga wa Kojani, aliita boti kwa ajili ya Mwanawema Khatib, aliyekuwa akitoka damu baada ya kujifungua. Aliita tena saa 9:25 na saa 9:50. Muda wote huo Ngwali alikuwa gatini ng'ambo, boti ina mafuta. Mwanawema alifariki saa 10:40, mwanawe mzima.

Jana saa 8:00 mchana Bi Ummi alinipigia. Alisema, "Mwanangu, mie nilibonyeza mara tatu, na mara zote ilinijibu." Nikaifungua mashine ya zamani. Jina la Mwanawema limo mara tatu.

Kiungo nimekwisha kukirekebisha. Mashine ile naomba ichukuliwe leo hii, kabla umeme haujakatika ukaharibu kumbukumbu zake, na Ngwali aachiwe. Afande ananiambia nitulie. Sitaweza.

Kuna moja bado. Ufukweni Kojani palikuwa na mashua mbili. Bi Ummi hakumpakia mgonjwa kwa sababu mashine ilimjibu: "Boti inakuja. Msiondoke." Maneno hayo niliyatunga mimi, ili watu wasipishane na boti njiani.

Hayo ndiyo ninayoyajua na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: Thuraiya S. Fahd

Yamechukuliwa nami, Koplo Duni Kificho, tarehe 16 Machi 2019, saa 2:15 hadi saa 3:05 asubuhi. Shahidi hakukubali kukaa kitini. Kuhusu mashine, nilikuwa nimeandika "niliisahau". Alinitaka nikate, niandike "niliiacha".