Kongé ya Idi

Lubumbashi, tarehe 25 mwezi wa pili

Papa mupenzi,

Salaam aleikum. Mugongo wako unaendelea namna gani? Na Mama? Miye niko muzima, nafunga muzuri. Kazi ni ileile, kupima mvua na upepo na kuandika ndani ya kitabu, kwenye shamba ya mbegu, njia ya Luano. Saa sita ya muchana, na njaa, mahindi yanakuwa kama maji, naona kama natembea juu yake.

Papa, shefu wetu, Madame Delphine, anataka niandike siku ya Idi kwenye karatasi ya kongé, ruhusa ya siku moja. Nikamwambia tunangojea mwezi uonekane. Akasema: «Feza, siwezi kupatia mwezi kongé. Andika tarehe moja.» Mardochée, mwenzangu wa kazi, akacheka: «Ile sikukuu ya Waarabu! Weye uko Mukongomani ao hapana?» Alikuwa anachezea, lakini niliumia.

Nimeandika Ijumaa, tarehe 20 mwezi wa tatu. Nimekosea?

Mutoto wako, Feza

Kasenga, tarehe 8 mwezi wa tatu

Feza mutoto wangu,

Aleikum salaam. Mugongo unanisumbua asubuhi tu. Nikishika randa, unanyamaza. Mama anauliza kama unaamuka kula daku.

Siku yenyewe siijui, na sitajifanya kuijua. Juu ya ule Mardochée: babu yako alitoka Kasongo, Kongo hii hii, akafika hapa Luapula, akazaa, akazikwa. Viti vya kanisa ya hapa ni miye nilivichonga, na padri anakuja kunisalimia kila Idi. Hakuna mwenye aliniuliza niko wa inchi gani.

Jana nilikuota. Uko katikati ya mawingu na kitabu chako, unaandika, unaandika, nakuita, sauti haitoke.

Umujibu polepole.

Papa yako, Amadi

Lubumbashi, tarehe 24 mwezi wa tatu

Papa,

Salaam. Natumaini mulikula Idi muzuri, na Mama alicheka.

Alhamisi jioni mwezi haukuonekana. Ijumaa, siku ya kongé yangu, nikabaki nyumbani nimefunga, nalala, naamuka, nalala tena. Jumamosi, Idi yenyewe, saa kumi na mbili asubuhi niko kazini, nimevaa robe mupya ya Idi chini ya koti. Ukungu ulifunika shamba yote. Nilisikia takbira kutoka mbali, sijui kama ilikuwa masikio ao moyo.

Mara Mardochée akatokea ndani ya ukungu. Ilikuwa siku yake ya kupumuzika.

«Nimekutana na bantu benu njiani, bamevaa kama kwa ndoa. Nipatie kitabu. Enda.»

«Na Madame?»

«Enda, Feza!»

Nilifika kwenye rakaa ya pili.

Jumatatu Madame akaona mwandiko wa Mardochée kwenye kitabu, akatupatia sisi wawili demande d'explication, barua ya kujieleza: kwa nini tumebadilishana kazi bila ruhusa. Tunajibu kesho. Banaweza kutufukuza. Mutuombee.

Feza wako

Kasenga, tarehe 2 mwezi wa nne

Feza,

Barua imefika. Mama yako hale muzuri. Kama banakufukuza, rudia, kitanda chako iko. Lakini usiombe musamaha juu ya kuswali. Na ule Mardochée, kama banamufukuza naye, ajue iko na nyumba Kasenga.

Papa

Lubumbashi, tarehe 16 mwezi wa nne

Papa, Mama,

Salaam aleikum. Munisamehe kuchelewa, nilingojea neno ya mwisho.

Madame alituita jana. Mardochée hakungoja kuulizwa. «Madame, wakati mama yangu alikufa, Feza alishika kazi yangu siku tatu. Hatukuandika karatasi. Mbona ile haikuwa kosa?»

 «Sikujua,» Madame akasema. Akaweka barua zetu ndani ya tiroir ya meza yake, akafunga. «Mwaka kesho, Feza, andika siku mbili. Yenye haitakuwa Idi, utakuja kazini.»

Tulitoka. Mvua ndogondogo ilikuwa inanyesha, hatukukimbia. Mardochée akasema: «Ile neno ya Waarabu…»

«Niliisikia.»

«Nilisema mubaya.» Tukatembea. Kisha akauliza: «Ile Idi, ulikula nini?»

Nikamwambia ukweli: biskuti, ndani ya basi, nikirudi mbio kazini. Akasimama palepale kwenye matope.

Sasa Jumapili, kisha misa, anakuja kwangu na bibi yake Lydie. Nitapika pilau. Lydie anasema pilau haimushibishe bwana wake, atabeba bukari, ugali ya mahindi.

Nimemwambia abebe nyingi.

Mutoto wenu, Feza